Farasi wa Polo na Kazi ya Babu

Msomaji mpenzi, ukisikia neno polo huenda ukafikiria ile fulana yenye kola na vifungo vichache kifuani, ambayo mwalimu wa zamu hutukataza kuvaa siku zisizo za michezo. Mwingine atafikiria lile gari dogo la Wajerumani. Sikulaumu hata kidogo. Nimewauliza wenzangu wa kidato cha tatu, darasa zima, na ni wawili tu waliojua kwamba polo ni mchezo wa mpira unaochezwa na watu waliopanda farasi. Mmoja wao alikuwa ameuona kwenye filamu. Wa pili alikisia.

Mimi nilijua kwa sababu babu yangu alikuwa saisi. Saisi ni mtunza farasi: ndiye amlishaye, amsuguaye, amtembezaye, na akiugua ndiye akeshaye naye. Ni neno la Kiarabu ambalo Waingereza walilizoea kule India, wakaja nalo huku. Limo katika kamusi, nimelitazama mwenyewe katika maktaba yetu, lakini kule nyumbani Chwele, Kaunti ya Bungoma, halitamkwi na mtu ila babu. Watoto wa kijiji hufikiri ndilo jina lake.

Desemba iliyopita neno hilo karibu lituharibie Krismasi. Kaka yangu mkubwa alimaliza kidato cha nne akapata gredi ambayo sitaitaja hapa kwa heshima yake. Tangu hapo alikuwa akimsaidia baba kupakua mbolea na mbegu katika duka letu la agroveti hapa Kitale. Basi rafiki yake mmoja aliyeajiriwa karibu na Gilgil akampigia simu: kuna nafasi ya saisi mahali panapotunzwa farasi wa polo, aje haraka kabla haijachukuliwa. Kaka akafurahi. Babu akafurahi kumshinda. Baba akakataa katakata, akasema mtoto wake hatakuwa boi wa farasi wa mtu.

Nitarudi kwenye ugomvi huo. Lakini ni lazima kwanza niwaeleze farasi wenyewe, maana baba na babu walikuwa wakigombania kitu ambacho sisi vijana hatukukifahamu. Likizo yote nilikaa karibu na babu, ambaye sisi humwita Kuka kwa Kibukusu, nikimwuliza maswali na kuandika katika daftari la jiografia. Mengine niliyasoma baadaye.

Swali la kwanza nililomwuliza lilikuwa hili: "Kuka, farasi wa polo ni mbegu gani?" Nilitarajia jibu moja, kama vile mtu wa Kitale anavyoweza kukuambia ng'ombe huyu ni Friziani na yule ni Eshaya. Babu alicheka mpaka akakohoa. Akasema farasi wa polo si mbegu. Farasi wa polo ni kazi.

Kwanza tuutazame mchezo. Timu ni mbili na kila timu ina wachezaji 4. Uwanja una urefu wa hadi yadi 300 na upana wa yadi 160, yaani ni zaidi ya viwanja vitano vya kandanda vikiunganishwa. Mchezaji hushika hatamu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia hushika gongo lenye mpini mrefu wa henzirani. Hata uwe wa shoto namna gani, gongo ni la mkono wa kulia, kwa sababu wawili wakikutana uso kwa uso, mmoja akipiga kwa kushoto na mwingine kwa kulia, ni ajali tupu. Kipindi kimoja huchezwa kwa dakika 7 na huitwa chaka. Si chaka la miti. Ni neno la Kihindi lenye maana ya mzunguko. Katika hizo dakika 7 farasi huenda shoti, kasi ya kilomita 50 kwa saa na kupita, husimama ghafla, hugeuka pale pale, kisha huenda shoti tena. Chaka likiisha huwa amekwisha pumzi, jasho linamtiririka, na mchezaji hubadilisha farasi.

Hapo ndipo hesabu inapomshangaza mtu. Mchezo wa machaka manne unataka angalau farasi wawili kwa kila mchezaji. Uwanjani utawaona watu 8, lakini farasi waliokuja siku hiyo ni 16 au zaidi, na kando ya uwanja wamesimama masaisi wamewashika wale wanaosubiri. Picha za magazeti huwaonyesha wale 8.

Sasa, farasi gani anaweza kazi kama hiyo? Mchezo huu ni mkongwe sana. Uajemi ulichezwa karne nyingi zilizopita, na katika mji wa Isfahan nguzo za mawe za goli bado zimesimama katika uwanja mkuu. Lakini polo ya leo ilitoka Manipur, kaskazini-mashariki mwa India, ambako wenyeji walikuwa wakicheza juu ya farasi wadogo mno, karibu kimo cha punda mkubwa. Wazungu waliokuwa na mashamba ya chai waliuona, wakaupenda, na mwaka wa 1859 wakaanzisha klabu yao pale Silchar. Wakaupeleka kwao Uingereza, na farasi wakaanza kukua. Sheria ziliweka kikomo cha kimo: viganja 14 na inchi 2, yaani kama sentimita 147 mpaka mabegani. Kikomo hicho kiliondolewa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Leo wengi wana viganja 15 au zaidi kidogo, yaani sentimita 152 kwenda juu. Ni farasi kamili, lakini Waingereza wameendelea kuwaita kwa jina lile lile la farasi wadogo. Ni kama mtu mzima na ndevu zake anayeitwa Toto mtaani kwa sababu ndivyo alivyoitwa utotoni.

Kikomo kilipoondoka, mlango ulifunguka kwa Thorobredi. Huyu ni farasi wa mbio. Waingereza walimzalisha kwa kuchanganya majike yao na madume yaliyotoka nchi za Mashariki, na kila Thorobredi wa leo hurudi kwa baba watatu waliopelekwa Uingereza miaka ya 1600 na 1700. Ana mapafu, ana miguu mirefu, ana moyo. Ana na kichaa kidogo pia, asema babu.

Kule Ajentina, nchi inayoongoza duniani katika polo, kulikuwa na farasi mwingine aitwaye Kriolo. Mababu zake waliletwa na Wahispania miaka ya 1500, wengine wakatoroka wakaishi porini, kwenye nyika za huko, wakila walichokipata. Aliyekuwa dhaifu alikufa. Waliobaki walikuwa wafupi, wagumu, wasiochagua chakula. Kuna mwalimu wa shule, Aimé Tschiffely, mzaliwa wa Uswisi, aliyetoka Buenos Aires mwaka wa 1925 na Kriolo wawili, Mancha na Gato, akafika New York mwaka wa 1928. Miaka mitatu barabarani! Na farasi wote wawili wakarudi kwao wazima. (Walimu wetu wapendwa, wakati mwingine mkichelewa kwa sababu ya mvua, mkumbukeni mwenzenu huyu.) Waajentina walimchukua Kriolo mwenye akili ya kufuata ng'ombe, wakampandisha na Thorobredi mwenye mbio. Watoto wakazaliwa na mbio za baba na ugumu wa mama, na vizazi vilivyofuata vikazidi kupata damu ya Thorobredi. Huyo ndiye farasi wa polo wa Ajentina, na huuzwa dunia nzima. Marekani nao hutumia wakati mwingine farasi wa wachunga ng'ombe, mfupi, mwenye mapaja manene, aliyezoea mbio za robo maili na kusimama ghafla.

Na hapa kwetu je? Farasi si mnyama wa Trans Nzoia wala Bungoma. Wakoloni walipofika walitumia kwanza farasi wadogo kutoka Usomali na Uhabeshi, kisha wakaagiza wengine kutoka Uingereza na Afrika Kusini. Mwaka wa 1908 Makaburu walipanda Uasin Gishu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, na farasi pia. Wengi wa wanyama hao hawakuwa na bahati. Penye mbung'o farasi hafugiki, na pasipo na mbung'o yuko adui mwingine, tena mdogo kuliko mbu, naye ni usubi.

Usubi hueneza ugonjwa uitwao maradhi ya farasi ya Afrika. Pundamilia anao mwilini na wala hajali. Punda aghalabu hapati shida. Lakini farasi asiyechanjwa akiupata, mara nyingi ni kifo. Katika aina kali kabisa, kati ya farasi 100 hufa hata 95. Babu ameuona kwa macho yake. Alisema kuna namna mbili. Moja, sehemu iliyo juu ya macho huvimba na kichwa chote kikajaa, na Makaburu waliiita dikkop, yaani kichwa kinene. Ya pili huingia mapafuni, na farasi aliyekula vizuri asubuhi hutoa povu puani jioni, akafa amesimama karibu na chakula chake. Chanjo nzuri ilipatikana Onderstepoort, Afrika Kusini, miaka ya 1930, na hadi leo farasi wa Kenya huchanjwa. Hata hivyo, saisi mzuri hungoji sindano peke yake. Usubi hutoka jua likizama, kwa hivyo babu alihakikisha farasi wote wako ndani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mpaka leo, jioni ikifika, huwaingiza kuku mapema kuliko jirani yeyote, na nyanya humcheka.

Kwa sababu ya ugonjwa huo, nchi nyingine huweka vikwazo vikali kwa farasi wanaotoka huku, na si rahisi kuwapeleka nje kucheza. Polo ya Kenya hutegemea farasi walio humu humu. Huchezwa Nairobi kule Jamhuri Park, huchezwa Gilgil katika klabu ya Manyatta, huchezwa Timau chini ya Mlima Kenya. Na farasi wao wengi hutoka wapi? Hapa ndipo nilipoacha kuandika nikamtazama babu usoni. Wengi ni Thorobredi walioshindwa mbio.

Naam, walioshindwa. Uwanja wa mbio wa Ngong ulifunguliwa mwaka wa 1954, na kila mwaka wako farasi wanaokimbia pale bila kushinda chochote. Mmoja ni mzito wa kuanza, mwingine ni mfupi mno, mwingine hapendi tu kukimbia akiwa katikati ya wenzake. Mwenyewe hawezi kuendelea kumlisha bure. Ndipo huja mchezaji wa polo, humtazama, humnunua kwa bei nafuu, na huyo aliyekuwa wa mwisho Ngong huenda akawa wa kwanza Gilgil. Mbio ndefu na mbio za kukatizakatiza si kitu kimoja. Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa, ambao wenzetu wa bweni hutuita "madei", tunaweza kulielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Lakini hawi farasi wa polo siku ile anaponunuliwa. Msomaji, tulia hapa, maana hii ndiyo sehemu ambayo babu aliieleza kwa siku tatu.

Farasi wa mbio amefundishwa jambo moja: kwenda mbele, na ukivuta hatamu aegemee akazane zaidi. Sasa lazima asahau. Afundishwe kugeuka kwa kuguswa shingoni tu na hatamu, kwa vile mkono ni mmoja. Afundishwe kusimama kwa kukalia miguu ya nyuma bila kurusha kichwa. Afundishwe kwamba gongo linalopita karibu na jicho lake halitampiga. Na gumu kuliko yote, afundishwe kukimbia sambamba na farasi mwingine na kumsukuma bega kwa bega, jambo ambalo farasi kwa asili yake hulikimbia. Wengine hukubali kwa mwaka mmoja, wengine miaka miwili. Wengine hawakubali kamwe, na hao hurudi kuwa farasi wa kupanda polepole Jumapili.

Mchezaji ndiye humpanda na kupiga mpira, ndiyo, lakini mchezaji huja Jumamosi. Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa farasi yuko na nani? Babu aliamka saa kumi na moja alfajiri. Kwanza aliondoa samadi, kisha akatoa maji, kisha nyasi kavu, kisha pumba na shayiri. Jua likichomoza alipanda farasi mmoja na kuongoza wengine wawili, mmoja kila upande, wakaenda mwendo wa kuamsha mwili. Kabla ya hayo yote alipitisha mgongo wa mkono wake juu ya kila mguu, kuanzia gotini kwenda chini. Si kiganja, kwa sababu kiganja cha mfanyakazi ni kigumu na hakisikii joto dogo. Mgongo wa mkono husikia. Mguu ukiwa na joto kuliko mwenzake, farasi huyo hatoki siku hiyo, hata mzungu akasirike. Siku ya mchezo alimfunga bandeji miguuni, akamsuka mkia na kuukunja usije ukanaswa na gongo. Singa za shingoni alikuwa amezinyoa zamani kwa sababu hiyo hiyo.

Tena farasi hawezi kutapika. Nilidhani babu ananitania, nikamwuliza mwalimu wa bayolojia, naye akasema ni kweli. Kikiingia kibaya tumboni hakina njia ya kurudi, na maumivu ya tumbo yanaweza kumwua kabla ya kupambazuka. Babu alitembea usiku kucha na farasi jike mmoja, kumzuia asilale chini akajigaragaza, akimwimbia nyimbo za tohara za Kibukusu kwa vile hakujua nyingine ndefu za kutosha. Alipona. Wachezaji wengi hupendelea majike kwenye polo, na nilipomwuliza babu sababu, alisema jike akishakuamini hukasirika kwa ajili yako, dume hukukasirikia wewe. Nikamwuliza kama kuna saisi yeyote mwanamke aliyemjua. Alifikiri kidogo, akasema hakuna, lakini kwamba hata yeye alikwenda akiwa na miaka 16 na hakuna aliyemwambia anafaa.

Kuna jambo moja nililisoma, nikamsomea, likamfurahisha mno. Huko Ajentina kuna mchezaji mashuhuri, Adolfo Cambiaso. Alikuwa na farasi jike aitwaye Cuartetera, bora kuliko wote. Wanasayansi walichukua chembe za mwili wa jike huyo wakatengeneza nakala zake, pacha kamili lakini waliozaliwa miaka mingi baadaye. Mwezi wa Desemba 2016, katika fainali kuu ya nchi hiyo mjini Buenos Aires, Cambiaso alipanda nakala 6 tofauti za Cuartetera katika mchezo mmoja, na timu yake ya La Dolfina ikashinda. Kaka aliposikia alisema basi masaisi kwisha habari yao, farasi wanatolewa fotokopi. Babu akauliza: "Hao sita, walizaliwa wanajua kusimama?" Hawakuzaliwa wanajua. Kila mmoja alifundishwa kuanzia mwanzo, kama farasi yeyote. "Haya," akasema babu, akaendelea kumenya mahindi.

Sasa nirudi kwenye ugomvi. Babu aliondoka Bungoma mwaka wa 1958, akafanya kazi kwenye shamba moja upande wa Endebess, akaanza kwa kuchota maji. Uhuru ulipokuja wazungu wengi waliuza mashamba. Mwajiri wake naye aliuza, akahamia karibu na Gilgil, na babu akahama pamoja na farasi. Huko ndiko alikoijulia polo. Jumla ni miaka 26. Mwaka wa 1984, mwaka ule wa ukame mkubwa, mwajiri aliuza farasi wote na kuondoka nchini. Babu alirudi Chwele na koti kuukuu, redio, na barua inayosema ni mwaminifu na hanywi pombe. Barua hiyo bado ipo, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Hakukuwa na kiinua mgongo. Hakuwa ameandikishwa popote. Baba yangu alikuwa kidato cha pili, na muhula uliofuata hakurudi shuleni.

Haya yote sikuyajua hadi usiku wa tarehe 26 Desemba, tulipokuwa tumekaa nje baada ya chakula. Baba kwa kawaida hamwinulii babu sauti, na usiku huo pia hakuinua. Alisema tu: "Mzee, miaka 26. Ulirudi na nini?"

Hakuna aliyesema kitu. Nyanya aliacha kukusanya vyombo.

Babu alijibu baada ya muda mrefu. "Ni kweli. Lakini farasi hakuninyima kitu. Mwenye farasi ndiye."

Baba akasema hilo ndilo analolisema yeye, kwamba mchezo ni ule ule, wenyewe ni wale wale, na mtoto wake atasimama kando ya uwanja ameshika hatamu mpaka azeeke. Kaka akajaribu kusema kwamba siku hizi si mchezo wa wazungu tu, kwamba Nigeria kule Kaduna na Kano ni Waafrika wenyewe wanaocheza na kumiliki farasi. Baba akamwambia Nigeria ni mbali. Mimi nilitaka kusema jambo kuhusu farasi wa Ngong na polo, lakini mama alinitazama, nikanyamaza.

Aliyetukwamua ni nyanya. Alisema kwa Kibukusu, akiwa bado ameshika sahani, kwamba kama tatizo ni kuandikwa, basi kijana aandikwe. Akaingia jikoni.

Inaonekana hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo rahisi hivyo. Asubuhi baba alichukua daftari la deni la dukani, akararua karatasi na kuandika masharti yake: mkataba wenye sahihi, NSSF, SHA, siku ya mapumziko kila wiki, na ajulishwe ni nani anayelipa saisi akipigwa teke na farasi. Babu akaomba liongezwe moja: viatu vya ngozi, si gambuti, kwa sababu gambuti ikinaswa kwenye kikuku cha tandiko haitoki. Kaka alitaka kufa kwa aibu. Alidhani akituma orodha kama hiyo nafasi itapewa mwingine. Siku tisa zilipita bila jibu, na kwa siku tisa hizo kaka hakuzungumza na baba. Siku ya kumi mkataba ukaja kwenye simu, kurasa mbili. Baba aliusoma pale pale kaunta akiwa amevaa miwani, huku mteja wa mbegu akingoja, kisha akausoma tena.

Kaka aliondoka Januari. Babu, ambaye humwita Papa kwa sababu kaka amepewa jina la baba yake, alisafiri kutoka Chwele kupitia Kimilili na Kamukuywa mpaka stendi ya Kitale ili amwage. Ana zaidi ya miaka 80 na matatu humchosha. Hakutoa hotuba. Alimshika mkono akaugeuza, akamgusa mgongo wa mkono kwa kidole mara mbili, basi.

Mwezi wa Februari kaka alitutumia picha ya farasi jike aliyekabidhiwa: Thorobredi wa rangi ya kahawia, alikimbia Ngong miaka miwili bila kushinda, na sasa anafundishwa polo. Wikendi nilimpelekea babu simu. Aliniambia niikuze picha. Nilimwonyesha kichwa, maana kina alama nzuri nyeupe, akasema hataki kichwa, anataka miguu. Aliitazama muda mrefu. Farasi alikuwa ametanguliza mguu wa mbele wa kushoto kidogo, kama mtu anayepumzisha goti. Mimi niliona ni pozi la picha. Babu akasema, "Mwambie Papa aushike huo kesho kabla hajamtoa." Nikamwandikia.

Ulikuwa na joto. Daktari wa mifugo aliitwa, akakuta mshipa ulio nyuma ya mguu umeanza kuvimba. Baba aliposikia, aliuliza jambo moja, kama gharama ya daktari itakatwa kwenye mshahara wa kaka. Haikukatwa. Yule jike amepumzishwa wiki sita, na kwa sasa kaka amepewa mwingine wa kutembeza, dume aliyehasiwa, aliyetoka Ngong mwaka jana, ambaye amekwisha mng'ata begani mara mbili.